Tanzia Yenye Picha ya Trifon

Tangu Februari nasoma kuta. Kabla sijafungua saluni napita posta, kituo cha basi, mlango wa duka la mikate na nguzo zote za umeme mpaka kanisani, nikisoma tanzia moja baada ya nyingine. Mji wetu ni mdogo, na wafu wetu wamebandikwa kila mahali, kila mmoja na picha yake: wa juzi, wa siku arobaini, wa mwaka, wa miaka ishirini. Wengine husoma kwa udaku. Mimi nasoma kwa hofu. Natafuta jina la Mwalimu Nevena, na nisipolikuta napata nafuu ya nusu siku. Mchana nazunguka tena.

Mwalimu Nevena ana miaka themanini na mmoja. Alinifundisha jiografia, akanipiga rula ya vidole kwa kuiweka Danubi upande wa kusini, na baadaye akawa mteja wangu. Si ndugu yangu. Hata rafiki sijui kama naweza kumwita. Lakini kila Ijumaa saa nne asubuhi, kwa miaka ishirini na sita, alikaa kiti cha dirishani, nikampaka ile rangi yake ya zambarau nyepesi, naye akanieleza makosa ya mji mzima. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na mumewe Asparuh, na Asparuh alipokufa akabaki na makosa ya mji mzima.

Halafu wakaja hawa Wana wa Chemchemi. Walinunua kiwanda cha maziwa cha zamani kule mlimani, wakazungushia ukuta, wakaanza kufundisha wazee kupumua, kila Jumanne, bure, kwenye ukumbi wa mji. Mwalimu alikwenda kwa ajili ya magoti. Mwezi wa pili wa mafunzo akaacha kahawa. Wa nne akaja na kitambaa cheupe kichwani, akaniambia rangi ya nywele ni uongo. Wa tano akaniambia kwamba kwao jina la marehemu halitajwi, maana ukimtaja unamfunga kamba asiondoke.

"Kwa hiyo Asparuh humtaji?" nikamuuliza.

"Namwachilia aende, Dafina."

Hapo ndipo mdomo uliponza kichwa. Nilicheka. Nikamwambia, "Basi nenda na wewe, ukapumue na mbuzi." Saluni nzima ikacheka nami. Mwalimu akasimama, akavaa koti lake taratibu, kifungo kwa kifungo, akatoka. Wiki iliyofuata, Februari, akahamia mlimani. Mpaka leo kile kicheko kinanirudia nikiwa naosha vichwa vya watu.

Sikukaa kimya. Nilikwenda polisi, wakanionyesha karatasi: mtu mzima, akili timamu, kasaini kwa hiari, hata nyumba yake kawapa kwa hiari. Mwezi wa Mei niliwaona kwa macho yangu wakibadilisha kitasa cha mlango wake. Niliandika barua nne, hazikujibiwa. Nilipanda mlimani mara tatu, na mara zote nilikutana na Gencho getini. Gencho nimesoma naye darasa moja. Alikuwa fundi wa mabasi, tena mlevi mzuri tu, mwenye mizaha. Sasa amevaa kanzu nyeupe na anaongea kama mtu aliyeng'olewa jino.

"Dada Zora yuko kwenye ukimya," akaniambia.

"Zora ndiye nani?"

"Ndilo jina lake sasa."

"Gencho, yule mama hakuwahi kunyamaza hata kwa daktari wa meno. Miezi sita ya ukimya? Mmemfanya nini?"

"Amepata amani."

"Nataka aniambie mwenyewe kwamba ameipata."

"Nenda nyumbani, Dafina. Unajisumbua."

Kweli nilikuwa najisumbua. Silali vizuri, nachanganya rangi vibaya, mke wa meya nilimtoa na kichwa cha kijani. Ijumaa saa nne simpangii mtu yeyote, nakaa nafagia nywele ambazo hazipo.

Septemba ilipofika nikakumbuka: Asparuh anatimiza miaka kumi. Kila mwaka Mwalimu ndiye aliyembandikia tanzia, yeye mwenyewe, kwa gundi na kipimo cha fundi seremala ili isikae upande. Mwaka huu hakuna atakayeibandika. Nikaenda kwa Minka, anayechapa tanzia kwenye kibanda cha vifaa vya mazishi nyuma ya soko.

"Miaka kumi bila Asparuh Denev," nikamwambia. "Ibada kaburini, Jumamosi saa nne asubuhi."

"Picha?"

"Sina. Picha zake zote zimefungiwa kwenye ile nyumba."

"Bila picha hawasomi, mwaya. Watapita kama wanapita tangazo la kuni." Minka akapekua kompyuta yake, midomo ikicheza. "Ngoja. Trifon ninaye! Ndugu yake. Nilimchapa mwaka juzi alipokufa. Pua ileile, masharubu yaleyale. Nani atajua?"

"Mwalimu atajua."

"Haya, basi tuache."

Nikamtazama Trifon kwenye kioo cha kompyuta. Ndiye aliyekata mti wa jozi wa mpakani, mti aliopanda baba yao, kisa kivuli. Asparuh hakusema naye miaka kumi na tisa, na kitandani pa kufia alitoa wosia mmoja tu: Trifon asinisogelee hata nikiwa maiti. Mwalimu aliulinda wosia ule kuliko hati ya nyumba. Mazishini alimfukuza Trifon mbele ya padri.

"Mchape huyohuyo," nikasema.

"Dafina!"

"Nakala sita."

"Mungu anakuona wewe."

"Na aone. Labda na yeye atamtafuta Mwalimu."

Jumatano nikapanda mlimani na gundi. Moja nikaibandika kwenye nguzo ya umeme, moja kwenye kituo cha basi kinachotazamana na kiwanda, na moja katikati kabisa ya geti lao jeupe. Gencho akatoka mbio, pindo la kanzu mkononi.

"Bandua hiyo!"

"Bandua wewe."

"Hapa marehemu hatajwi!"

"Mimi sijamtaja. Nimembandika."

Akanyoosha mkono. Nilisubiri. Kwetu tanzia haichanwi na mtu, huchanwa na mvua na upepo, na hilo hata mtoto anayepiga mpira ukutani analijua. Mkono wa Gencho ukafika kwenye kona ya karatasi, ukasimama hapo. Tanzia ya mama yake mwenyewe iliwahi kukaa kwenye geti hilihili, enzi za maziwa, miezi miwili, mpaka theluji ikaiondoa. Akaurudisha mkono, na kabla hajajizuia akapiga ishara ya msalaba, ambayo kwao nayo imekatazwa.

"Lakini mbona umemweka Trifon?" akanong'ona.

"Nani? Mimi sioni vizuri siku hizi."

Alhamisi nikarudi, nikijidai naokota uyoga. Ya kwenye nguzo ilikuwepo. Ya kituoni ilikuwepo. Ya getini haikuwepo. Nikampigia Gencho kelele kwa jina lake lote na la baba yake.

"Sijaigusa!" akasema. "Naapa kwa ma..." Akajiziba mdomo, asimtaje mama yake. "Sijaigusa, Dafina. Asubuhi nimeikuta haipo."

Nikasogea. Karatasi haikuchanwa. Ilikuwa imebanduliwa polepole, kwa ukucha, kuanzia juu kwenda chini, na kwenye rangi nyeupe zilibaki pembe nne za gundi zilizonyooka. Nani anabandua hivyo? Niliogopa kujijibu. Kama si yeye, basi nimemtukana marehemu bure, na aliye hai hata hana habari. Na kama ni yeye, je, amekasirika kiasi gani, na wao watamfanya nini kwa hasira hiyo? Ijumaa saa nne nilifagia sakafu ileile mara tatu.

Jumamosi nikachemsha ngano ya kumbukumbu ya marehemu, nikaitia sukari na jozi zilizosagwa, nikachukua mvinyo na mshumaa. Minka akaja na maua, uso umemnyong'onyea kwa dhambi. Padri akaimba haraka, alikuwa na ubatizo saa tano. Akala kijiko kimoja cha ngano, akaenda zake. Saa nne na nusu. Saa tano kasoro. Minka akaanza kukusanya mifuko.

"Twende, Dafina. Kama ni kuja, angekuja."

"Tangulia."

"Utakaa hapa mpaka lini?"

"Tangulia, nimesema!"

Minka alikuwa bado hajalifikia geti la makaburi gari jeupe lilipoingia. Wakashuka wanawake wawili wenye vitambaa vyeupe, na katikati yao wakamshusha mtu mdogo. Sikumtambua kwanza. Walikuwa wamemnyoa. Kichwa kilikuwa kidogo namna ile, chenye mvi fupi, na koti lilimning'inia begani kama limetundikwa msumarini. Nikalia papo hapo, sikuona aibu.

Yeye hakulia. Alikuja moja kwa moja kati ya makaburi, akitikisa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Dafina Koleva! Hayo ni macho au vifungo?"

"Mwalimu..."

"Miaka ishirini na sita unashika kichwa changu, mume wangu humjui? Huyu ni nani?"

"Trifon."

"Ulijua?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Ulijua, ukabandika?"

Alinikazia macho kama siku ile ya Danubi. Nikayaona yale macho yanafika, hatua kwa hatua, kwenye jambo nililofanya na sababu yake.

"Mjinga wewe," akasema, lakini kwa sauti ya chini.

Mmoja wa wale wanawake, mrefu, mwenye tabasamu lisilotoka usoni, akanisogelea. "Hajala tangu Alhamisi," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyemfungia chakula. "Alisema hatakula mpaka jambo hili lirekebishwe. Sasa amekwisha kusema. Dada Zora, twende, mama."

Mwalimu hakumgeukia. Alikuwa ameweka mkono kwenye jiwe la kaburi.

"Asparuh," akasema. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na miezi saba yote ilitoka hapo. "Asparuh, Asparuh wangu, nisamehe. Wamekuvika uso wa yule mkata jozi."

"Dada, unamfunga kamba," akasema yule mrefu.

"Aende wapi na goti lake lile bovu?" Mwalimu akajibu.

Nikampa bakuli la ngano. Akala kijiko, akala cha pili, akala kama mtu mwenye njaa ya siku nyingi kuliko hizo mbili. "Sukari haitoshi," akasema mdomo ukiwa umejaa. Kisha akajifuta, akasema, "Picha yake nzuri iko nyumbani, kabati la vyombo, droo ya pili. Twende tukaitoe, Minka achape upya."

Nilikumbuka kile kitasa kipya. Sikumwambia. Mpaka sasa sijamwambia.

"Gari linasubiri, Dada Zora," akasema yule wa pili, kwa upole, akafungua mlango. Na hapo niliona kitu ambacho sitakisahau: mguu wa Mwalimu, wenyewe tu, ukapiga hatua kuelekea kule. Ulishazoea. Akautazama chini kama mguu wa mtu mwingine. Mimi nilitaka kupiga kelele, kumvuta, kumkalia chini. Lakini kelele yangu ndiyo iliyompeleka kule mara ya kwanza. Nikauma ulimi mpaka nikaonja damu.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Jumamosi, Mwalimu."

"Basi nimechelewa kwa siku moja." Akajipapasa kichwa. "Ijumaa yangu ulimpa nani?"

"Sikumpa mtu."

Akanishika mkono. Hakuwa na uzito wowote. Tukateremka kwa miguu, Minka nyuma yetu na bakuli, na gari jeupe nyuma ya Minka, polepole, njia nzima, halina haraka. Hata honi halikupiga.

Sasa amekaa kiti cha dirishani. Nimefunga mlango kwa funguo na nimempaka rangi, ingawa nywele zenyewe hazifiki urefu wa ukucha. Hajasema kama atabaki. Anasema sakafu yangu chafu, anasema mke wa meya amenenepa, halafu ananyamaza ghafla katikati ya neno, na mimi namchungulia kiooni. Saa ya kuosha rangi ilikwisha pita dakika kumi. Nimeshika bomba, maji ni ya uvuguvugu.

"Wale wameondoka?" ananiuliza, bila kugeukia dirisha.

Nachungulia. Gari liko ng'ambo ya barabara, vioo vimepandishwa.

"Bado, Mwalimu."

"Basi usinioshe haraka."