Sisimizi Kwenye Mto wa Mkurugenzi

Sisimizi hawajui kusema uongo. Mama Mkurugenzi aliwaona asubuhi alipokwenda kumbadilishia mtoto shuka: kamstari kembamba kamepanda mguu wa kitanda, kamevuka godoro, kamefika kwenye mto, pale pale shavu la mtoto lilipolala. Sisimizi hufuata sukari, na sukari haikuwa na kazi yoyote katika chumba kile.

Mtoto mwenyewe hakuwa akila kwa mdomo. Jina la Mkurugenzi alipewa na baba yake, dereva wa lori, kwa kuwa nyumba nzima ilikwenda kwa ratiba yake. Alikuwa msichana wa miaka minne, shingo haijakaza, macho hayaoni, na chakula chake cha majimaji kilipita kwenye mrija ulioingia tumboni. Koo lake halikujua kuifunga njia ya hewa, hivyo kilichoingia mdomoni kilishukia kifuani. Hata mate yake yalivutwa kwa kimashine kilichonguruma kando ya kitanda. Daktari alishasema na kurudia: mdomoni hata tone. Walishalazwa kwa nimonia, na mara ya mwisho mama alitoka wodini akijua kwamba ikija nyingine kama ile, mtoto hatavuka.

Sasa ndani ya nyumba mlikuwa na watu wawili tu wenye kumhudumia, yeye na mama mkwe. Baba alikuwa safarini. Sisimizi hawakujipakia sukari wenyewe.

Mama mkwe alikuja kukaa nao Mama Mkurugenzi alipopata kazi kwenye kiwanda cha keki. Alijifunza mashine na mrija upesi, mikono haitetemeki, na hakuna mtu mwingine aliyekubali hata kujaribu. Lakini siku ya kwanza tu alitoa neno lake, kwa utani, kwamba mdomo uliumbwa uonje. Mkamwana alicheka naye, kisha akaliweka neno lile akibani. Dalili ya mvua ni mawingu.

Kusema kweli, Mama Mkurugenzi alikuwa mtu wa kushuku. Aproni yake moja ya kazini ilipopotea, alimkazia macho mwenzake wa zamu mpaka mwenzake akaacha kumsalimu. Mlaumu ukipenda. Ila mtu mwenye mtoto anayeweza kukatika pumzi wakati yeye anachemsha maji, asiposhuku atakuwa mjinga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Aliinama akanusa midomo ya mtoto, lakini pua yake ilikuwa imekufa ganzi kwa kushinda kwenye vanila na sukari. Akapitisha kidole pembeni ya mdomo, akakilamba. Kitamu.

Hapo mambo mengine yote yakajipanga. Kila jioni akirudi hakumgusa mtoto kabla hajaoga, maana vumbi la unga na kifua kile haviivi chungu kimoja. Alivua nguo za kazi bafuni, akajisugua kwa sabuni ya dawa, ile ile ya wodini, mpaka ngozi ikapauka. Kisha alimpakata mwanawe, na mwanawe alijikaza, akatupa kichwa nyuma, akalia kile kilio chake chembamba. Akirudishwa kwa bibi yake, kimya. Ilimuuma mama yule, na hakumwambia mtu. Alijiliwaza kwamba mtoto hamjui yeyote. Leo akaona kwamba mtoto anajua sana, ila amehongwa kwa sukari.

Alimpigia mumewe simu akiwa njiani kwenda kazini. Mume alisema mama yake hawezi kufanya hivyo, na kwamba mama huyo akiondoka, kazi ya mkewe kiwandani nayo ndiyo basi. Mke akajibu kwamba heri kukosa kazi kuliko kukosa mtoto, akakata simu. Alishaamua: mume hataamini bila ushahidi, basi atamfumania leo leo, na jioni mama mkwe atafunga virago.

Kabla ya saa sita akamwambia msimamizi kwamba jino linamuua. Akaondoka hivyo hivyo na aproni yake kifuani, unga hadi kwenye nyusi. Nyumbani alizungukia mlango wa nyuma, akavua viatu, akanyata ukumbini. Mashine ilikuwa kimya. Sauti ya mama mkwe ilitoka chumbani, ya kubembeleza.

"Haya, kidogo tu. Kidogo tu, halafu bibi anakuondolea."

Damu ilimpanda kichwani. Akausukuma mlango. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, mtoto mapajani, na mkono wake umeshika kitu cheupe kinywani mwa mtoto.

"Mama, unampa nini?"

Mama mkwe alishtuka, kisha akakiinua kile kitu polepole. Kilikuwa ni nguo. Ilikuwa ile aproni iliyopotea, kifuani imeganda sukari ya kupambia keki, na pembe yake imelowa mate.

"Ukitoka asubuhi huwa analia mpaka midomo inabadilika rangi," alisema. "Siku moja uliiacha hii kwenye kiti. Nikamlaza nayo kwenye mto, akanyamaza. Anakunusa wewe, mwanangu."

Mama Mkurugenzi aliishika ile pembe iliyolowa.

"Ina sukari, Mama. Anailamba. Inamshukia kifuani."

Mama mkwe aliitazama ile aproni kama ndiyo kwanza aione. Alisema aliikung'uta kila mara dirishani, alidhani kilichobaki ni unga tu. Akamlaza mtoto kiubavu, akawasha mashine, akavuta mate mpaka mdomo ukawa safi, na mkamwana akasimama pembeni akisikiliza kifua. Hakikukoroma. Safari hii walipona.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza mashine ilipozimwa.

"Ungeifua."

"Lakini ungeniambia, Mama."

"Na wewe ungeniuliza. Huniulizi kitu, mwanangu. Unanikagua tu."

Hilo lilimwingia, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akakumbuka jioni zote zile, ule mgongo mdogo unaojikaza mikononi mwake. Akauliza kwa sauti ndogo, mbona basi akimchukua yeye analia.

Mama mkwe alikunja ile aproni, akaikunja tena. Ndipo akajibu.

"Jioni unanuka hospitali."

Mama Mkurugenzi alilia. Hakujificha wala hakugeukia ukutani. Alilia kwa sindano zote ambazo mtoto alizisubiri kila jioni mikononi mwake, kumbe ni mama tu.

Alipomaliza alivua aproni aliyokuja nayo, akaitupa nje ya mlango. Akapangusa uso na mikono kwa kitambaa cha maji, maji matupu. Blauzi aliiacha mwilini, na harufu yake ya tanuri. Akanyoosha mikono, na mama mkwe akampa mtoto.

Mkurugenzi alijikaza kama kawaida. Kisha pua yake ikaanza kutafuta. Ilipita begani, ikapita kwenye ukosi, ikafika shingoni, ikatulia hapo. Mgongo ulilegea kidogo kidogo. Kichwa kizima kikamlalia mama yake, kizito na chenye joto, na mtoto akavuta pumzi ndefu.

Mama mkwe alichukua ule mto, akaukung'uta sisimizi dirishani, akaelekea jikoni. Mlangoni akasimama, akauliza kama abandike maji ya kuoga.

"Baadaye, Mama," alisema Mama Mkurugenzi. "Kwanza njoo ukae. Nieleze mnavyoshinda."