Sauti Yangu Kwenye Kinasa

Mimi si mtu wa kuogopa mizimu. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye dawati la ushauri wa uwekezaji katika benki yetu hapa Ålesund, Norwe, na kilichowahi kuninyima usingizi ni malengo ya mauzo ya mwezi tu. Lakini Februari ile, jamani, niliogopa sauti yangu mwenyewe.

Oddbjørg Hessevik, mjane wa miaka sabini na sita, alikuwa ameuza nyumba ya mapumziko aliyoachiwa na marehemu mumewe. Hela zile, kroner laki tisa, alitaka zikae miaka miwili tu, kisha anunue fleti kwenye jengo lenye lifti. Anaishi ghorofa ya nne, ngazi sabini na mbili, na magoti yake yamekwisha. Hela ya miaka miwili huiweki kwenye hisa. Hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua. Mimi nikamuuzia mfuko wa hisa wa benki yetu, wenye ada nono, kwa sababu meneja alikuwa akinikaba koo. Kabla ya kukubali, mama wa watu aliniuliza kwenye simu kama na mimi nimeweka zangu humo. Nikamjibu ndiyo, bila hata kumeza mate. Zangu ziko kwenye akaunti ya akiba ya kawaida.

Soko likaanguka. Laki tatu zikayeyuka, fleti aliyoitaka ikachukuliwa na mwingine, na Oddbjørg akaandika malalamiko kwamba mshauri alimdanganya.

Simu zote za ushauri hunaswa kwenye kinasa sauti, ni sheria. Kwa hiyo nilipoitwa nilijua nimekwisha. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikomea kwenye chumba cha mikutano saa tano asubuhi. Torstein, mkaguzi wa malalamiko kutoka makao makuu, alitumiminia kahawa. Oddbjørg alivua viatuni vyuma vya kuzuia kuteleza kwenye barafu, akaviweka mapajani juu ya leso. Torstein akabonyeza kitufe cha kinasa ili tuisikilize simu ile.

"Na zako, mwanangu, umeweka humo?" ikauliza sauti ya Oddbjørg.

Pakafuata kimya kirefu, ambacho siku ile hakikuwepo. Halafu nikasikia sauti yangu, ya chini, kama ya mtu anayeongea usingizini: "Hapana, mama. Na wewe usiweke."

Kisha sauti ya Oddbjørg ikaitikia, "Haya, ziweke zote," na simu ikakatika. Vinyweleo vilinisimama. Torstein alirudisha nyuma mara mbili, na mara zote mbili jibu lilikuwa lile lile. Akasema kwa upole kwamba mteja alionywa, hivyo benki hailipi kitu.

Oddbjørg hakupiga kelele. Wala hakuitazama mashine, alinitazama mimi.

"Sikuambiwa hivyo," alisema. "Na wewe unajua."

Torstein akanigeukia, kalamu mkononi, akauliza kama kweli ndivyo nilivyomwambia mteja. Ningeweza kusema. Hakuna aliyenishika ulimi. Nikafikiria kazi yangu, nikafikiria mkopo wa nyumba, nikasema ndivyo. Oddbjørg akaanza kuvirudisha vyuma viatuni, na mimi nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Sikuinuka kumsaidia.

Basi, kikao nacho kilikuwa kinanaswa, na utaratibu unataka mkaguzi ahakikishe sauti imeingia kabla ya kufunga faili. Torstein akabonyeza tena, huku anakusanya karatasi. Likasikika swali lake. Kikafuata kimya kile kile.

"Nilimdanganya," ikasema sauti yangu. "Nilijua zitapotea, nikamuuzia. Zangu sikuziweka humo hata senti moja."

Midomo yangu nilikuwa nimeibana. Torstein aliitazama, kisha akaitazama mashine, na karatasi zikamwanguka. Oddbjørg akakaa tena, kiatu kimoja kina vyuma, kingine hakina.

"Siv," alisema Torstein, "nakuuliza upya. Ulimwambia nini?"

Taa nyekundu ya kinasa ilikuwa inawaka. Nikafungua mdomo, nikajikuta nangoja, kama wao, nisikie nitasema nini.