Sikuitoroka Boila

Asubuhi baada ya boila kupasuka, mkwe wangu aliniita ofisini akanisogezea karatasi. Yeye ndiye karani mkuu wa kiwanda chetu cha kufulia mashuka ya hospitali. Mimi nimechochea boila yake miaka ishirini na sita.

"Tia sahihi hapa, Baba. Mkaguzi anafika saa nne."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Nikatoa miwani.

"Miwani ya nini? Maneno ya ofisi tu hayo. Yanasema ulitoka."

"Kutoka kuna namna nyingi, mkwe."

Nilisoma polepole, kama nilivyofundishwa shule ya jioni nikiwa na miaka arobaini na tatu na masizi kwenye kucha. Mwalimu alituandikia ubaoni vitenzi kumi na viwili vya kukimbia, akataka kila kimoja tukitungie sentensi. "Escape" ni kuponyoka hatarini. "Flee" ni kukimbia kwa hofu. "Evade" ni kukwepa. Mkwe wangu alikuwa ameandika "absconded": kuacha kazi na kutoroka kwa siri, kama mwizi. Nikitia sahihi neno hilo, kazi sina, na mlipuko ni kosa langu.

"Nilitoroka?" nikauliza. "Nilipuliza filimbi mara tatu. Nikavuta kuni nje ya tanuri. Nikahesabu wapiga pasi wakitoka, kumi na tisa. Wa ishirini nikawa mimi. Ndiyo sheria yetu: mtu wa boila hutoka mwisho."

"Mzee, usijifanye profesa. Shule ya jioni wanafundisha kusalimiana."

"Walitufundisha pia kusoma hukumu kabla ya kuinamisha shingo."

Nje ya dirisha wapiga pasi wawili wakacheka. Mkwe akalifunga kwa kishindo.

"Sikiliza," akasema, sauti imeshuka. "Uliripoti mara mbili kwamba vali ya usalama ni mbovu, najua. Mimi ndiye niliyeandika kwamba imebadilishwa, ilhali haikuguswa. Usipotia sahihi, nimekwisha. Na mimi nikiisha, binti yako..."

"Binti yangu mtoe kinywani. Ulipokuja kumposa ulinyenyekea hadi mkeka ukakuonea huruma. Leo unamfanya ngao?"

"Atakulaani!"

"Hayo ni yangu na yeye. Wewe, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Nikaigeuza karatasi, nikaandika nyuma yake kwa Kiingereza changu mwenyewe: vali, siku nilizoripoti, filimbi, watu kumi na tisa. Nilipomaliza kutia sahihi, akanidaka mkono.

"Niachie."

"Lete hiyo karatasi!"

"Niachie, nimesema. Mkono huu umeshika vyuma vya moto kuliko wewe."

Gari la mkaguzi likaingia getini. Vidole vyake vikalegea. Nikafungua mlango.

"Nyumbani kwangu usikanyage tena!" akafoka nyuma yangu. "Wala wajukuu hutawaona!"

Wajukuu wangu ni watatu. Nilisimama kidogo pale kizingitini, kisha nikamwendea mkaguzi, nikampa karatasi mkononi.