Kiti cha Kiroboto

Jumatatu asubuhi, fundi seremala alipokuwa akimvalisha binti yake soksi, soksi ya kushoto ilinasa gotini. Aliivuta taratibu, akaona kibanzi kimechomoza penye mkunjo wa goti. Akaenda karakanani nyuma ya nyumba, akarudi na kipande cha msasa laini, akalisugua goti kwa kufuata mkondo wa nyuzi, kisha akapuliza unga.

"Unaumia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapo pamelala," mtoto akasema.

Mama mtu alikuwa jikoni anamimina chai. "Msugue na huku nyuma ya paja," alisema. "Jana nimembeba, kanichania sare ya kazini."

Fundi akamgeuza mtoto, akasugua nyuma ya paja. Soksi ikapita. Chai ilikuwa imeshapoa, wakainywa hivyo hivyo.

Mtoto huyo alikuwa hajafika miaka minne, na jina lake la nyumbani lilikuwa Kiroboto. Jina alipewa na bibi yake, kwa sababu tangu apate miguu hakutembea, aliruka. Aliruka kutoka kitandani, aliruka vizingiti, aliruka mgongoni mwa baba yake akiwa ameinama na randa mkononi. Bibi alisema huyu akiitwa peponi hatapita mlangoni, atapitia juu ya ukuta. Sasa jina lilikuwa limembakia mwilini kama nguo ya kuazima. Asubuhi baba alimbeba begani mpaka kituo cha malezi, jioni alimbeba kumrudisha, na kila mwezi bega lilisikia tofauti, maana mbao ni nzito kuliko nyama.

Wenye kumbukumbu fupi watasema kituo kile kilijengwa vile kilivyo. Si kweli. Palikuwa na kiwanja. Wazazi wenyewe walikisawazisha, Jumapili baada ya Jumapili, kwa majembe yao na migongo yao, na hakuna aliyewapa hata maji ya kunywa. Kinyozi wa mtaa alileta matairi ya kupanda. Mama yake Kiroboto alibeba mchanga kwa ndoo, na Kiroboto mwenyewe akiwa tumboni, anapiga mateke. Kisha ofisi za ng'ambo ya barabara zikakosa pa kuweka magari. Mkurugenzi wa kituo akaona kwamba watoto ni wadogo na kiwanja ni kikubwa. Matairi yakatupwa. Mchanga ukachanganywa na saruji, ukawa ukuta wa ofisi yake. Watoto wakaingizwa ndani, na mlango ukarudishwa.

Ndani, watoto hawakukaa. Mtoto wa miaka mitatu hakai, kama maji yasivyokaa kwenye kiganja. Ubaoni palikuwa pamebandikwa malengo ya umri wao: akimbie, aruke kwa miguu miwili, arushe mpira, apike chakula cha uongo na kumlisha mwenzake, aulize kwa nini. Mkurugenzi aliyabandua kwa mkono wake. Akabandika mengine: akae, aandike, ahesabu mpaka mia, asiulize. Yalikuwa malengo ya watoto wa miaka saba, na hata wa miaka saba wangeyanung'unikia. Lakini wa miaka saba walikuwa shule nyingine, na hawa walikuwa bado hawajui kunung'unika kwa sentensi ndefu.

Ndipo fundi akaitwa. Mkurugenzi alitaka viti vyenye komeo, yaani ubao unaopita juu ya mapaja na kufungwa pembeni, mtoto asichomoke.

"Nitahitaji vipimo vya watoto," fundi alisema.

"Wewe si una wako? Mpime huyo. Wote kimo kimoja hawa, kama mahindi."

Fundi akaenda nyumbani, akamketisha Kiroboto juu ya meza ya karakana, akampima kisigino mpaka goti, goti mpaka nyonga, nyonga mpaka kwapa. Ilimchukua muda, kwa sababu mtoto alitekenywa na futi, akawa anaruka, na kila akiruka kipimo kilibadilika. Mwishowe baba alimwambia, "Tulia kidogo tu, mama, nimalize." Akatulia. Baba akaandika kipimo cha pale alipotulia.

Viti vilitoka vizuri mno. Havikuyumba, havikulia. Fundi alichoma kinyota kidogo chini ya kila kimoja, alama ya mkono wake, na watu wakaja kuviangalia. Vituo vingine vikaagiza. Vilikuwa navyo viwanja vyao, na magari yalikuwa yanatafuta pa kulala.

Watoto wengine viti viliwabana au viliwapwaya, wakapata nafasi ya kujinyonganyonga, wakakawia. Kiroboto kiti kilimkaa kama ngozi ya ngoma, kwa hiyo alianza yeye. Kwanza nyayo zilikauka. Kisha shavu la mguu likatoa nyuzi nzuri zilizonyooka, na gotini pakaota jicho la mbao. Kabla ya muhula kwisha, wenzake walikuwa wamemfuata. Mtaani watu wakazoea. Mama mmoja alimpaka mwanawe vanishi kwa ajili ya picha. Kinyozi alikuja karakanani kumwulizia mwanawe dawa ya mchwa.

"Wamemwingia?" fundi aliuliza.

"Kwenye kidole gumba. Usiku nawasikia wanatafuna. Mama yake anasema ni meno yangu."

Fundi na mkewe wakaomba kuonana na mkurugenzi. Walimkuta ofisini, nyuma yake ukutani pamechorwa samaki anayetabasamu, na chini yake maneno makubwa: SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI. Mama yake Kiroboto aliukazia macho ukuta ule. Alikuwa anautambua mchanga wake.

"Mama, mwanao anaongoza," mkurugenzi alisema. "Anaandika jina lake. Anahesabu mpaka mia bila kupumua. Wa rika lake huko nje bado wanakula udongo."

"Miguu yake imekuwa mbao."

"Nimeambiwa. Miguu si lengo la muhula huu."

Fundi akasema labda watoto watolewe nje kidogo, japo asubuhi.

"Nje wapi, fundi? Wakagongwe na magari?"

"Magari yameegeshwa, hayaendi," mama akasema. "Nayo yanafanana na watoto. Hata hivyo, mkurugenzi, samaki akishakunjwa hapelekwi majini. Anapelekwa kikaangoni."

Mkurugenzi akacheka kwa dhati, akasema mama ana kipaji, angefaa kuandika kalenda. Kisha akamgeukia fundi. Muhula ujao kituo kingepokea watoto wa miaka miwili, na malengo yao yalikuwa tayari. Alihitaji viti vya chini zaidi.

Fundi alikataa. Alikataa mbele ya mkewe, kwa sauti, na njia nzima ya kurudi nyumbani mkewe alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu waoane. Mkurugenzi akampa kazi fundi mwingine, mwenye haraka. Viti vikaja misumari imechomoza, na watoto wa miaka miwili wakarudi makwao mapaja yamechanika. Jioni mama zao wakawa wanapanga foleni karakanani kwa fundi, awatoe vibanzi vichanga, awapake gundi. Baada ya wiki chache fundi akaichukua ile kazi, angalau misumari isichomoze. Hivyo ndivyo ubaya unavyowapata mafundi wazuri.

Mkewe hakumshika mkono tena, lakini hakumsema. Alisubiri mkaguzi wa serikali.

Mkaguzi alikuja, akaegesha gari pale palipokuwa na mchanga. Alikuwa na kitabu cha serikali chenye malengo ya kila umri, na malengo hayo yalikuwa ya kweli, yale yale yaliyobanduliwa ubaoni. Fundi alikuwa darasani anakaza komeo. Alipomwona mkaguzi anafungua ukurasa wa miaka mitatu, aliacha kukaza, akafungua la Kiroboto.

"Anaruka kwa miguu miwili," mkaguzi alisoma. "Nani ataniruki­a?"

"Ruka, mama," fundi alimwambia binti yake. "Mruki­e mzee."

Kiroboto alikunja uso, akasukuma. Akainuka, na kiti kikainuka naye, maana mpaka baba ambandue jioni hapakuwa tena na mahali mmoja anaishia na mwingine anaanzia. Alisimama hivyo kitambo, miguu yake miwili na ya kiti minne, halafu akashuka kwa kishindo.

"Anasimama," mkaguzi alisema, akaandika.

"Mzee, hawa watoto wameotea vitini," fundi alisema.

"Nimeona. Na utulivu wao nimeuona. Kuna vituo nimetoka nikiwa kiziwi." Akakaa juu ya meza ya mwalimu, akanywa soda, akauliza viti vile vimetengenezwa na nani. Mkurugenzi akamwonyesha fundi. Mkaguzi akampa mkono.

Siku aliyopata mapumziko kazini, mahali anapofua mashuka ya hospitali, mama yake Kiroboto alimbeba mtoto mgongoni akazunguka mji kutafuta kituo kingine. Hakuweza kumwacha nyumbani. Nyumbani hapakuwa na mtu, na bibi alikuwa ameshapita juu ya ukuta. Kila kituo alichoingia aliuliza kama kuna kiwanja, akaonyeshwa magari. Aliuliza watoto wanakaliaje, akaonyeshwa viti. Aliinama, akakiinua kimoja, akatazama chini yake. Alifanya hivyo kituo baada ya kituo. Kila alipoinama aliikuta nyota ya mumewe, na kila kiti alichomkalisha mtoto kilimkaa sawasawa.

Jioni alirudi, akamshusha mezani karakanani.

"Mji mzima umempima mwanangu," alisema, akaenda kupika.

Mvua zilipoanza, Kiroboto alichipua jani. Lilitoka kwenye lile jicho la gotini, dogo, kijani kibichi. Msaidizi wa darasa, dada mpole anayewaosha mikono, alilichuma akalitupa kwenye ndoo, kwa sababu sare ya kituo haina majani. Jioni hiyo ripoti ya muhula ilikuja nyumbani: Ametulia. Aendelee hivyo hivyo.

"Baba, jani langu lilikuwa linaruka," mtoto alisema.

"Linaruka?"

"Feni ikiwashwa."

Asubuhi fundi alipomvalisha soksi, ya kushoto ilinasa. Jani jipya lilikuwa linafungua ncha, bado limejikunja kama ngumi ya kichanga. Jikoni chai ilikuwa inapoa. Mama mtu alikuwa amevaa sare, anasubiri na mkoba begani.

"Litarudi?" Kiroboto aliuliza alipouona msasa.

"Litarudi."

"Utalisugua tena?"

Fundi alikunja msasa mara mbili, akashika goti, akafuata mkondo wa nyuzi. Akapuliza unga, safari hii wa kijani.

Soksi ikapita.