Mkono wa Shangazi Mgongoni

Kiroboto alikuwa na miaka kumi na mmoja, na jina hilo hakulipata bure. Ukimtuma dukani anarudi miguu juu, mikono chini, na chenji imedondoka njiani. Lakini mwezi mzima sasa, akifika ukumbini kwa mazoezi ya jimnastiki, akaligeuzia godoro mgongo ili abinuke kinyumenyume, mwili unagoma. Magoti yanakunjika, mikono inapanda, halafu basi. Anabaki amesimama pale, machozi yanamtoka.

Kocha wake alikuwa shangazi yake, dada wa baba, mwanamke aliyefundisha wasichana kubinuka tangu Kiroboto hajazaliwa. Zamani angehangaika, usingizi ungempaa. Safari hii alitazama tu. Tangu amzike mumewe alikuwa hivyo: anakula, anafundisha, anacheka wenzake wakicheka, na ndani kumekufa ganzi. Alijua timu inachaguliwa Jumamosi na asiyebinuka haendi. Alijua mtoto ataumia. Alijua kama mtu anavyojua bei ya sukari.

Alijaribu kila ufundi alionao. Akamrudisha kwenye godoro nene, akambingirisha juu ya pipa la sponji kama wale wadogo wanaoanza. Wapi! Mwishowe akamkalisha benchini.

"Kinachokutisha ni nini, mwanangu?"

"Siogopi kuanguka."

"Sasa?"

Kiroboto akaangalia vidole vyake vya miguu. "Ile video aliyopiga mama. Uliniambia umenishika. Nimeitazama, Shangazi. Mkono wako ulikuwa mfukoni."

Makocha hufanya hivyo, asikudanganye mtu. Unamshika mtoto vizuri, kesho unamshika kwa vidole viwili, halafu siku moja unasema "nimekushika" na hujashika kitu, naye anapita salama, watu wanashangilia. Shangazi alilea wasichana wengi kwa uongo huo na wakawa hodari. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikatikia kwenye simu ya wifi yake.

Hakujitetea. Hata aibu haikumjia, nayo alikuwa akiingoja.

"Ni kweli, nilikudanganya," alisema. "Leo ukitaka nikushike, nitakushika. Usipotaka, nakaa hapahapa benchini. Nitakalosema ndilo nitakalofanya."

Mtoto alifikiri. "Nishike. Mpaka nitue."

"Mpaka utue."

Wakaenda godoroni. Shangazi akaweka kiganja mgongoni mwake, juu kidogo ya kiuno. Kiroboto akavuta pumzi, akakunja magoti, na mwili ukakubali: akaruka, akapinduka hewani, kiganja kikimfuata, akatua kwa miguu miwili, akayumba, akasimama.

Wenzake wakapiga makofi. Yeye hakuwa na habari nao. Alimgeukia shangazi yake, analia huku anacheka.

"Umenishika kweli. Nimeusikia mkono wako, una joto, mpaka mwisho."

"Nimekushika," Shangazi alisema, na mara hii haukuwa uongo. Kiganja kilikuwa kimelowa jasho la mtoto. Akakitazama kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe, mwenye mkono, hakuwa amesikia chochote.

"Rudi tuanze tena," alimwambia. Akakifuta kile kiganja kwenye suruali, akakiweka tena palepale mgongoni, akangoja.