Wajukuu wa Bibi Muanacha

Chama kilikuwa na kila kitu isipokuwa damu. Kilikuwa na rais, makamu wawili wa rais, mweka hazina ambaye hakuwa na hazina ya kuweka, mshauri wa mambo ya dini, mlezi, na mkuu wa itifaki ambaye kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu viti. Kilikuwa na bango la mita nne na muhuri wa mviringo wenye nyota katikati. Kilikuwa na fulana mia mbili zenye sura ya mtoto Laila, miaka sita, ameketi wima na kutabasamu. Laila hakuweza kuketi. Aliyemshika mgongo siku ya kupigwa picha ni mama yake, Nazira, na mkono wa Nazira ukakatwa kwenye picha kwa sababu, walisema, unaharibu.

Laila alizaliwa mzima. Alitambaa, akasimama, akaita baba. Alipotimiza mwaka na nusu miguu ikaanza kulegea, kisha mgongo, kisha shingo. Wazazi wake walizunguka naye hospitali zote kuanzia Palma kwao, kaskazini mwa Msumbiji, mpaka mjini Pemba. Walimpeleka kwa mganga wa Quiterajo aliyesema ni jini la baharini, na kwa mwenzake aliyesema huyo wa kwanza ni mwongo, jini ni la nchi kavu. Majirani nao hawakukaa kimya. Nazira alikula pweza akiwa mjamzito. Nazira alimjibu mama mkwe. Nazira ana mdomo, basi Mungu kamwonyesha. Hapo Pemba ndipo walipokutana na Dokta Ilda, mtaalamu wa magonjwa ya kurithi, mwanamke wa maneno machache, aliyewaambia kwamba ugonjwa huu umo ndani ya damu, ni wa watu wachache mno duniani, na hawezi kuupa jina mpaka autafute katika damu ya ukoo mzima. Nazira alitaka kitu kimoja tu, hilo jina. Dawa hakuitarajia, hakuwa mjinga. Alitaka jina alitamke mbele ya majirani wote, tena polepole.

Basi wakaanzisha chama cha kumsaidia Laila. Ulikuwa wakati ule gesi imeshagunduliwa chini ya bahari ya Palma, na kila mgeni aliyeshuka kwenye ndege na kofia ngumu kichwani alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia ili apigwe naye picha. Kampuni moja ya kupikia wafanyakazi ikatoa fulana, nyingine ikatoa bango. Abdurremane, baba Laila, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole aliyeogopa hata wanafunzi wake. Walipomwita rais, lo, mtu akageuka! Akanunua mkoba. Akaanza kukohoa kabla ya kusema. Akaenda Pemba siku tatu kwenye semina ya uongozi wa vyama, akarudi na cheti na neno moja la Kireno, visão, yaani dira, akawa analitia kila mahali kama chumvi. Nazira, aliyekuwa akimgeuza mtoto kila baada ya saa mbili asitoke vidonda, akapewa ukatibu kwa kuwa ana mwandiko mzuri.

Mlezi wa chama alikuwa Mzee Suleimane, baba mkubwa wa Abdurremane, mtu wa kanzu safi na sauti ya kujaza uwanja. Hakuna mkutano alioufungua bila kusimama, kujinyoosha fulana yenye sura ya Laila juu ya kanzu, na kuwakumbusha watu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Watu walikuwa wakiitikia. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwa Nazira, na katibu alipopeleka barua za chama alipokelewa mlangoni, barua ikachukuliwa, akaambiwa asibishe kwa nguvu kwa kuwa Rizuane, mjukuu wa mzee, amelala. Asubuhi amelala, adhuhuri amelala, alasiri amelala. Nazira alimwonea wivu mama wa mtoto huyo. Wa kwake yeye alikesha akilia.

Mwanzoni mwa mwaka ikaja barua ya Dokta Ilda. Alihitaji damu ya watu kumi na wawili kutoka pande zote mbili, wa mume na wa mke, pamoja na mchoro wa ukoo, nani kamzaa nani. Angefika Palma mwenyewe kabla ya mwezi wa nane kwisha, siku moja tu, na sanduku la barafu. Asipoipata damu hiyo, faili la Laila lingefungwa, maana maabara ya ng'ambo ilikuwa na nafasi ya familia moja na kulikuwa na nyingine mkoani Zambézia inayosubiri. Mwisho wa barua aliandika kwamba, kwa jinsi ugonjwa unavyorithiwa, huenda baba na mama wa mtoto wanatoka kwa babu au bibi mmoja wa zamani bila wenyewe kujua.

Nazira aliisoma barua ile mbele ya mkutano. Kisha Mzee Suleimane akasimama. Akasema ukoo wake ulitoka Arabuni kwa njia ya Kilwa, na karatasi ya kuthibitisha ilikuwepo ila ililiwa na panya. Ukoo wa mke, kwa heshima zote, ni wajukuu wa Bibi Muanacha, na Bibi Muanacha kila mtu anajua aliletwa kutoka bara na kununuliwa kwa kaniki mbili. Sasa huo ubibi wa pamoja unatoka wapi? Mjomba wa Nazira, Atumane, mvuvi mwenye hasira za karibu, akaruka juu. Akasema wao nao hawataki undugu na watu wanaomtukana bibi yao, na kama kuna ugonjwa umetoka huko huko Arabuni kwenye panya. Hiyo ikawa mara ya kwanza pande mbili kukubaliana jambo lolote tangu siku ya harusi.

Wakataka liandikwe, na liandikwe kwenye acta, kile kitabu kikubwa cha kumbukumbu za mikutano. Nazira akaandika kama alivyoagizwa. "Kati ya ukoo wa Mzee Suleimane na ukoo wa Bibi Muanacha hakuna tone la damu la pamoja, wala halikuwepo tangu dunia iumbwe." Hayo maneno ya mwisho aliyaongeza Mjomba Atumane. Wakatia sahihi watu kumi na mmoja, wawili kwa dole gumba. Rais akakohoa, akafungua mkoba, akapiga muhuri. Wa kwanza haukutoka vizuri, akapiga wa pili.

Nyumbani Nazira alimuuliza mumewe ni mwanawe au ni wa jirani yule anayelala pale mkekani. Abdurremane akajibu kwamba rais hana upande, rais ni wa wote. Usiku huo Nazira aliuchukia ule muhuri kuliko alivyowahi kumchukia binadamu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini hawakusema mzazi mwenye mkoba anaujua kiasi gani.

Tangu hapo kila mjumbe alikuwa na sababu. Mmoja ana presha. Mwingine anafunga sunna. Wa tatu alisikia damu ikishavuka bahari haijulikani inalala wapi. Fulana walivaa wote, Ijumaa na sikukuu. Mwezi wa saba ukaisha, na sindano haijamgusa mtu.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kampuni ya gesi ilikuwa inataka kuzungushia ua ardhi ya Afungi, na habari zikafika kwamba wote wenye mashamba na makaburi huko waje waandikishwe ili walipwe fidia. Kule Afungi kulikuwa na shamba moja kubwa la zamani, minazi mia tatu, mikorosho, na kaburi pembeni. Mwenye kaburi ni mwenye shamba, Bibi Muanacha, aliyelima mwenyewe baada ya kujikomboa. Wenye haki ni wajukuu zake, na ukoo wenye ubishi faili lake linawekwa kando. Uandikishaji utafanyika Alhamisi, uwanja wa shule.

Nazira aliposikia hivyo alijifunga kanga yake. Alitembea mpaka penye mtandao, akampigia Dokta Ilda, akamwomba ile siku yake moja iwe Alhamisi hiyo hiyo, na hapo hapo shuleni. Mumewe hakumwambia. Rais ni wa wote.

Alhamisi alimwacha Laila kwa dada yake, akatia acta kwapani, akaenda. Uwanja ulikuwa umejaa. Mezani alikaa kijana aliyeitwa Henrique, mwandikishaji kutoka Pemba, mwenye viatu vizito na uso wa mtu aliyekwisha kudanganywa sana wiki hiyo. Na wa kwanza kwenye foleni alikuwa nani? Mzee Suleimane, kanzu nyeupe, anapangusa macho. Alikuwa anaeleza kwamba mama yake mzazi alikuwa binti wa Bibi Muanacha wa kuzaa, si wa kulea, na kwamba bibi huyo alimbeba yeye mgongoni akimwimbia. Alikuwa analia machozi ya kweli. Nyuma yake Mjomba Atumane alikuwa anatikisa kichwa kukubali, mkono begani mwa mzee, ndugu kabisa.

Mezani palitandazwa karatasi ya manila yenye mchoro wa ukoo, Bibi Muanacha juu kabisa kwa wino mwekundu, watoto kwa kijani, wajukuu kwa buluu, mistari imenyooka kwa rula. Nazira aliutambua mwandiko. Ulikuwa wa mwalimu wa shule ya msingi. Mchoro aliouomba miezi saba, akaambiwa haiwezekani, mumewe alikuwa ameuchora kwa jioni moja, tena kwa rangi. Abdurremane alimwona mkewe, akakohoa, akatazama bendera.

Nazira alisalimia vizuri. Shikamoo kwa wazee, bom dia kwa Henrique. Akamuuliza kijana kwa upole, kama kuna karatasi yenye sahihi na muhuri inayosema ukoo fulani si wajukuu wa bibi fulani, wao huko wanaipokeaje? Henrique, bila kuinua kichwa, akajibu kwamba machozi hayaingii kwenye faili, kinachoingia ni karatasi yenye muhuri. Nazira akamshukuru. Kisha akamgeukia Mzee Suleimane, akasema kwa sauti ya kuombea chumvi.

"Baba mkubwa, darasa la nne pale yuko Dokta Ilda na sindano zake. Kitabu hiki kitakaa kwapani mwangu mpaka atoke mtu wa kumi na mbili."

Weee, hapo ungewaona! Mwenye presha alipona. Aliyekuwa anafunga alikumbuka kwamba sunna si faradhi. Dokta Ilda, mtu wa taratibu, alimweleza kila mmoja kwamba damu ni ya utafiti wa ugonjwa wa Laila na haihusiani na shamba lolote, na kwamba anaweza kukataa. Akamuuliza, je, unatoa kwa hiari yako? Kwa hiari, alijibu kila mmoja, macho yapo kwapani mwa Nazira. Hata mkuu wa itifaki, Jerónimo, Mmakonde na Mkristo asiye na bibi yeyote Afungi, alikunja mkono wa shati kwa tahadhari, akarudishwa. Abdurremane alitoa yake bila hotuba. Wakafika kumi na mmoja.

Wa kumi na mbili alikuwa Mzee Suleimane, na alichelewa kuingia. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti juu, mkono bado umo ndani ya kanzu. Nazira alijua anachokuja kuomba, ule ukurasa uchanwe, na alikuwa na jibu tayari. Mzee hakuomba ukurasa. Alimuuliza Dokta ugonjwa huo unaanzaje. Dokta akamwambia, mwaka na nusu, miguu kwanza.

"Na kama miguu imekwisha kwenda, na shingo nayo?"

Dokta Ilda akaweka kalamu chini. Nje watu walikuwa wanabishana juu ya minazi.

"Rizuane hajalala," akasema Mzee Suleimane. "Tangu mwaka jana hajaketi."

Nazira alisimama pale, na kitu kilichompanda kifuani hakikuwa huruma. Mwaka na nusu mzee huyu amesimama mikutanoni. Mwaka na nusu amewahubiria watu juu ya wafichao maradhi.

"Umeuvaa uso wa mwanangu kifuani," akamwambia, "ukamfunika wa kwako."

Mzee akainuka. Alitangulia njia mpaka nyumbani kwake, Nazira nyuma yake, Dokta na sanduku lake, na Abdurremane akifuata bila kuitwa. Safari hii mlango ulifunguliwa wote. Chumba cha ndani kilikuwa na giza, dirisha limezibwa kwa kanga, na mtoto wa miaka mitatu amelazwa juu ya mkeka, macho wazi. Chini ya kichwa chake, imekunjwa mara nne, ilikuwa fulana ya chama. Laila alikuwa anatabasamu pale, ameketi wima, mate ya Rizuane yakimtiririkia shavuni.

Mama wa mtoto alikuwa amesimama pembeni, hajui kama afukuze watu au alie. Dokta Ilda alisema taratibu kwamba damu ya mtoto huyu itamfundisha mengi kuliko ya wakubwa wote waliotoka, ila lazima mama akubali. Mama akaitikia kwa kichwa kabla sentensi haijaisha. Akamwomba Nazira amwonyeshe namna ya kumgeuza, maana mgongoni ana vidonda.

Nazira akaweka acta sakafuni, akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya mgongo wa Rizuane na kumketisha, kama alivyozoea. Kichwa kikaangukia upande. Mlangoni Abdurremane akakohoa.

"Usikohoe," akasema Nazira. "Njoo umshike shingo."

Rais akatua mkoba wake chini, akaja akamshika.