Paja la Fahali wa Aresi

"Paja moja tu, Mama Telesi. Mnataka kula ng'ombe mzima mpasuke?"

Eurilo mchinjaji alikuwa ameketi juu ya jiwe, shoka magotini, kama mtu aliyekuja kupumzika. Nilishamjibu hadi koo likakauka. Nikamjibu tena.

"Nyama ya sikukuu ya Aresi hapa Tegea ni ya wanawake. Bibi zetu ndio waliowatimua Wasparta, wakati babu zenu wameshazidiwa. Ngozi utapata kama kawaida. Nyama hupati."

"Basi mchinjeni fahali wenu wenyewe."

Nyuma ya ukuta mfupi wa uwanja wa madhabahu wanaume wakacheka. Kila mwaka huja kunusa moshi, ila safari hii walikuwa wamemtia Eurilo maneno mdomoni. Nilimwona hata mume wangu, Agesi, amejibanza nyuma ya bega la mwenzake.

"Baba Telesi, nakuona."

"Mimi napita tu."

"Unapita na sahani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Akaificha mgongoni.

Mimi sikuwa na nafasi ya kucheka sana. Sikukuu ya mwaka huu ilikuwa mikononi mwangu. Fahali amevishwa maua, moto unawaka, na jua linapanda. Likifika utosini bila damu madhabahuni, Aresi, mungu wa vita, angelala njaa, na mimi ningeitwa mwanamke aliyeiua sikukuu. Nikitoa paja, mwakani wangedai mbavu, na baadaye tungebaki kuosha vyungu.

"Mama, mpe tu," binti yangu Telesi akaninong'oneza. "Tuna njaa."

"Njaa haijakuua. Shika kapu."

Eurilo akapiga miayo. "Na mungu mwenyewe ndiye huyu? Si alifungiwa mtungini na majitu mawili, akakaa humo analia? Hata baba yake, Zeus, hampendi."

"Ndiyo maana tunaelewana naye. Nasi mmetufungia ndani mwaka mzima, leo ndiyo tumetoka."

Nikamgeukia Bibi Nikipe, kuhani wetu, aliyekula sikukuu hii kabla mimi sijazaliwa.

"Bibi, kuna sheria kwamba lazima achinje mwanamume?"

Akafikiri, akijikuna kidevu. "Hakuna. Tulikuwa tunamwita kwa sababu hatutaki kuchafua nguo."

Nikageukia ukuta.

"Baba Telesi," nikaita, "nguruwe wa nyumbani huwachinja nani?"

"Wewe."

"Kwa nini?"

"Mbele za watu, mke wangu?"

"Kwa nini?"

"Damu inanizungusha kichwa."

Hata wanaume wenzake walimcheka. Nikavua joho, nikamtupia Telesi. Nikalichukua shoka magotini mwa Eurilo. Alikuwa bado ameachama, hakunizuia. Mabinti wenye nguvu wakashika kamba. Nikamnyunyizia fahali maji usoni, akatikisa kichwa, na kwetu hiyo ni ruhusa yake. Nikapiga shingoni. Magoti yakamlegea. Nikachomoa kisu kilichofunikwa na shayiri kapuni, nikamkata koo, na vigelegele vikapaa hadi nadhani Sparta walivisikia.

Damu ikaruka madhabahuni, nyingine ikanilowesha hadi kiunoni.

"Na ngozi yangu?" Eurilo akauliza.

"Ngozi ni ya aliyechinja," nikasema, nikaanza kumchuna.